Gari Bila Bima Si Zawadi, ni Deni Lenye Utepe



Mfunguo mosi umeingia na kumbi zote za mjini zimejaa. Huku singo, kule hina, na simu zetu hazitulii kwa video. Kuna video moja tunaletewa karibu kila wiki, wanaobadilika ni wahusika tu. Bibi harusi anatolewa ukumbini amefumbwa macho kwa mtandio. Somo yake anamshika mkono, anamwongoza taratibu mpaka nje. Mtandio unafunguliwa, na mbele yake lipo gari, limefungwa utepe mwekundu kwenye boneti, fundo lake kubwa kama keki. Vigelegele! Bibi harusi analia, mama analia, somo analia, na sisi tunaotazama kwenye simu tunalia pia.

Kisha tunajifuta machozi na kuuliza swali letu lile lile: limekatiwa bima gani, na kadi ina jina la nani?

Hapo ndipo tunapochukiwa. Tunaambiwa tuna husda. Tunaambiwa tunaharibu furaha za watu, ati tumekosa la kusema. Wallahi hatuna husda na mtu. Tuna kumbukumbu tu.

Gari la kuku

Mmoja wetu, katika sisi tunaoandika hapa, alifanyiwa hivyo hivyo. Alikuwa na miaka 22 na leseni yake haijatimiza mwaka. Kaka zake walichanga, pesa hazikutosha, wakaongezea mkopo wenye riba, wakamnunulia gari kubwa, lile la kukaa juu, lililokwisha kutembea sana. Kwa nini kubwa? Kwa sababu binti wa nyumba ya pili alipewa kubwa. Hatukumbuki sababu nyingine yoyote iliyotajwa siku ile.

Miezi minne baadaye, katikati ya masika, alikuwa anarudi kazini kwa njia ya Fuoni. Bajaji ikakata mbele yake bila taa wala ishara. Akaikwepa, gari likateleza, likaenda kukumbatia nguzo. Alhamdulillah alitoka mzima, baibui tu ndiyo iliyochanika. Boneti ilikunjika mpaka karibu na kioo. Polisi walikuja, ripoti ikaandikwa, akampigia simu wakala aliyewauzia bima. Jibu lake hatulisahau: “Dada, hii ni bima ndogo. Nguzo italipwa. Gari lako, hapana.”

Nguzo italipwa! Mwenzetu alikuwa hajui. Aliona stika kwenye kioo akadhani gari lina bima. Kaka zake nao walikuwa hawajui, au walijua wakaona bora kuokoa laki chache baada ya kumaliza mamilioni. Gari lilikaa kwa fundi chini ya mwembe zaidi ya mwaka. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Na muda wote huo mkopo ulikuwa unakatwa kwenye mshahara wa kaka mkubwa kila mwezi, riba na yote, kwa gari la kuku. Mwisho kaka akaliuza kama spea. Hakumuuliza mwenyewe, na kwa karatasi hakuwa na haja ya kumuuliza, kwa sababu kadi ilikuwa na jina la kaka tangu siku ya kwanza.

Mwenzetu alirudi kwenye daladala akiwa na miaka 23. Utepe mwekundu bado anao kabatini.

Kwa hiyo tukiuliza kuhusu bima na kadi, tunauliza tukiwa na uchungu wake. Na tunalosema leo ni moja, mtusikilize hata kama hamtalipenda: gari usiloweza kulikatia bima ya kweli ni gari usilolimudu. Punguza gari, usipunguze bima.

Stika si bima ya gari lako

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linalowaumiza mabinti wengi, na ni jambo la kueleza kwa dakika mbili tu.

Bima ya gari kwetu watu wanaiita kwa majina mawili, ndogo na kubwa. Bima ndogo ndiyo sheria inayomlazimisha kila mwenye gari. Inamlinda yule mwingine: mtembea kwa miguu uliyemgonga, ukuta wa jirani, gari la mbele yako, na ile nguzo ya Fuoni. Gari lako mwenyewe halimo. Likipondeka kwa kosa lako, likiungua, likiibiwa, ni lako na Mola wako.

Bima kubwa inafanya yote hayo, kisha inaongeza gari lako: ajali, moto, wizi. Bei yake hutazamwa kwa thamani ya gari. Kwa gari binafsi, kiwango kinachotumika sana hapa kwetu ni asilimia 3.5 ya thamani kwa mwaka, kabla ya kodi. Chukueni kalamu. Gari la milioni 10 ni shilingi 350,000. Ukiongeza kodi, unakaribia shilingi 1,100 kwa siku. Gari la milioni 25 ni shilingi 875,000 kabla ya kodi, na hapo hujalijaza mafuta.

Sasa mnaona tunakokwenda. Familia yenye milioni 11 ya kumnunulia binti gari inaweza kumnunulia dogo la milioni 10, likakatwa bima kubwa, na zikabaki laki kadhaa za matairi na fundi. Au inaweza kukopa mpaka ifike milioni 25, ikabandika bima ndogo, ikaomba dua. Wengi wetu tunachagua la pili, kisha tunaliita mapenzi.

Na nyinyi madereva vijana, kuna kitu kingine wakala hatakuambieni kama hamkuuliza. Hata kwenye bima kubwa kuna kiasi ambacho mwenye gari anakibeba mwenyewe kila inapotokea ajali, kabla kampuni haijatoa chake. Katika mikataba mingi kiasi hicho hupanda kama aliyekuwa anaendesha ni kijana au leseni yake ina muda mfupi. Kwa hiyo uliza hivi, kwa maneno haya haya: “Nina miaka 22, leseni yangu ina miezi minane. Nikipata ajali, mimi nitatoa shilingi ngapi?” Akianza kuzungukazunguka, mwombe akuoneshe kifungu. Asipokionesha, nenda kwa mwingine.

Msidanganye thamani ya gari ili mlipe kidogo. Tunajua inafanyika, na tunajua baadhi ya mawakala ndio wanaofundisha. Gari la milioni 10 ukiliandika milioni 5, siku ya ajali kampuni ina haki ya kukuhesabia kuwa ulikata bima ya nusu gari, basi hata hasara ya milioni 2 ikalipwa milioni 1. Na kabla ya kampuni kuna Mwenyezi Mungu, ambaye hakutuhalalishia kudanganya katika mizani yoyote, hii ikiwemo.

Na hili ni la kisiwani kwetu hasa. Gari la harusi likishafika nyumbani, bwana au shemeji huanza kusema: “Leo niazime, kuna wageni wawili nawapeleka Paje.” Kesho wageni wengine, Nungwi. Ukiangalia, gari la bibi harusi limekuwa teksi bubu. Bima ya gari binafsi haikuandikwa kwa kubeba abiria wa kulipa. Ajali ikitokea njiani na abiria wale ndani, kampuni itauliza walikuwa nani na walilipa nini, na madai yako yanaweza kufia hapo. Dada, kataa kwa upole, lakini kataa. Kama gari linataka kufanya biashara, likatiwe bima ya biashara.

Mwisho wa hili: hakikisheni stika ni ya kweli. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni ambao unaandika namba ya gari na kuona kama bima ipo, ni ya aina gani na inaisha lini. Fanyeni hivyo hapo hapo mbele ya wakala, kabla chai haijapoa.

“Bima ni haramu, sisi tuna tawakkul”

Hili tunaletewa kila tukiandika habari za bima, na mara nyingi linaletwa na wanaume. Hatulidharau. Wanazuoni waliokataa bima ya kibiashara hawakukosa hoja: ndani yake kuna gharar, yaani kutojua unanunua nini hasa, na pesa zake huingizwa kwenye riba. Mwaka 1985, kule Jeddah, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilitoa uamuzi kwamba bima ya kibiashara ya malipo maalumu haifai, na likasema njia inayofaa ni bima ya kusaidiana.

Tatizo letu ni kwamba watu wameishika nusu ya kwanza ya maneno hayo na nusu ya pili wameiacha njiani. Hiyo bima ya kusaidiana ndiyo takaful. Sudan walikuwa nayo tangu 1979. Wanaoshiriki wanatoa michango yao kwa nia ya kusaidiana, inawekwa kwenye mfuko mmoja, na atakayepatwa na msiba analipwa kutoka humo. Kampuni inausimamia mfuko kwa ujira unaojulikana. Pesa haziwekezwi kwenye riba wala kwenye haramu. Kikibaki kitu mwisho wa mwaka, kwa mujibu wa mkataba, washiriki wanaweza kurudishiwa fungu lao. Bibi zetu walikuwa na michango ya misiba mtaani. Hii ni hiyo hiyo, ila imeandikwa na inakaguliwa.

Na leo takaful si habari ya Khartoum wala Kuala Lumpur. TIRA imeshaiwekea taratibu nchini, na hapa hapa Unguja Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, linaitoa. Aliyekuwa na dukuduku la kidini sasa ana mlango. Aende, aulize bodi ya masheikh inayoisimamia ni ya nani, asome mkataba, na akibaki na shaka ampelekee sheikh wake. Ila asituletee tawakkul ya kukwepa kulipa.

Maana sote tumesoma madrasa. Sote tunaijua hadithi ya yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Ngamia wa leo ana magurudumu manne, na anakimbia zaidi.

Kinachotukera ni hiki, na tutakisema wazi. Wale wale wanaosema bima ni haramu ndio waliokwenda kukopa kwa riba ili gari liwe kubwa. Riba ya mkopo haikuwachoma, bima ndiyo iliyowachoma. Kama uchamungu ni wa kweli, uanzie kwenye mkopo. Nunua gari la pesa taslimu ulizonazo. Zikiwa hazitoshi, zipo benki zenye huduma za Kiislamu zinazofanya murabaha: benki inalinunua gari yenyewe, kisha inakuuzia kwa bei mnayokubaliana tangu mwanzo, faida yake ikiwa wazi, unalipa kidogo kidogo. Au cheza upatu na wenzako mwaka mzima. Au subiri. Hakuna aya wala hadithi iliyosema bibi harusi lazima atoke ukumbini kwa gari lake.

Tazameni ajabu yetu nyingine. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa kutoka nje anayekuja Zanzibar anatakiwa awe amekata bima ya safari, dola 44 kwa mtu mzima. Yeye anakaa wiki moja, anaogelea, anakula pweza, anaondoka. Sisi tunaokaa hapa maisha yetu yote, tunaopeleka watoto skuli kila asubuhi katika barabara hizi hizi, tunasema bima ni matumizi ya watu wenye pesa.

Basi gari gani?

Dogo. Tungependa jibu liishie hapo, lakini tunajua mtauliza.

Gari la kwanza ni la kujifunzia, hata kama leseni unayo. Utagusa ukuta. Utakwaruza mlango kwenye geti la nyumba ya wakwe siku ya Idi, mbele ya kila mtu. Ni bora ukwaruze Vitz kuliko ukwaruze gari ambalo taa yake moja ni mshahara wako wa miezi miwili. Vitz, Passo, IST, Starlet kama utaipata iliyotunzwa: haya yamejaa kisiwani, fundi wa kila mtaa anayajua, spea zake ziko Darajani na Mwanakwerekwe, na injini zake ndogo hazinywi mafuta kama ngamia aliyetoka jangwani. Passo na Vitz za sisi 1000 zinatosha kabisa kwa mtu anayetoka Mwera kwenda mjini na kurudi. Ukienda shamba mara kwa mara na abiria wanne, tafuta ya sisi 1300 au 1500 kama IST. Na kwa vichochoro vyetu, dogo linageuka pale ambapo kubwa linabaki limekwama huku watu wakipiga honi.

Adui wa gari kisiwani ni chumvi. Gari lililokuwa likilala ufukweni kwenye hoteli linaweza kung'ara juu na kuwa limeoza chini. Piga goti, weka baibui pembeni, chungulia chini. Inua zulia la ndani uguse sakafu. Bonyeza kwenye kingo za milango. Ukiona rangi mpya sehemu moja tu, uliza inafunika nini. Chukua fundi wako, usimkubali fundi aliyeletwa na dalali, maana huyo ni kama kumwomba mshenga akwambie kasoro za bwana harusi.

Kama linatoka Japani moja kwa moja, omba karatasi ya mnada, ile inayoonesha lilikuwa na kasoro gani na lilitembea kilometa ngapi lilipouzwa kule. Kilometa za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Mwonekano wa pedali na usukani unasema ukweli zaidi. Tazama matairi pia. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, kwa hiyo 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi kama hilo linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limekauka. Mikanda ifunge kote, hata nyuma. Na uliza mikoba ya hewa kama ipo au ilishafyatuka na mahali pake pakafunikwa.

Halafu, kabla hujatoa hata shilingi ya arubuni, fanya jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: piga simu kwenye bima kwanza. Taja aina ya gari, mwaka wake, bei yake na umri wako. Baadhi ya makampuni hayakubali kuliwekea gari kongwe bima kubwa, au hutaka kulikagua. Ni bora ulijue hilo kabla ya kununua. Bei ya bima ni sehemu ya bei ya gari, tangu siku ya kwanza. Na kama unanunua kwa mtu wa hapa hapa, usidhani stika yake iliyobaki miezi sita imekuwa yako. Ile ni ahadi baina ya kampuni na yeye. Nenda uibadilishe jina, au ukate yako.

Jina la nani?

Hapa ndipo mama wakwe watakapotukasirikia, lakini tumeshazoea.

Gari la binti liandikwe jina la binti. Kadi jina lake, bima jina lake. Tunaambiwa: mume ndiye msimamizi wa nyumba, basi gari liwe lake. Usimamizi hatuukatai. Lakini usimamizi haujawahi kumaanisha kwamba mali ya mke ni ya mume. Sura ya An-Nisaa imelisema hili waziwazi, katika mahari na katika alichochuma mwanamke. Mama yetu Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na misafara ya biashara yake, na Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, hakuigeuza jina.

Tunawajua dada, na nyinyi mnawajua, ambao mahari yao ndiyo iliyonunua gari, kadi ikaandikwa jina la bwana “kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda kulichukua bandarini”. Talaka ikaja. Gari likaenda na bwana. Dada akabaki anasimulia kwa watu kwamba lilikuwa lake, na kila anayemsikiliza anaitikia “pole” na hakuna mwenye karatasi ya kumsaidia.

Na hata kwenye ndoa yenye heri, fikirieni siku ya ajali. Kampuni inazungumza na aliyeandikwa. Fidia inalipwa kwa aliyeandikwa. Kama ni kaka na kaka yuko Muscat kikazi, utasubiri arudi ili aje atie saini kwa gari ambalo kila mtu alikupigia vigelegele kuwa ni lako.

Kuna wanaosema mtoto wa kike gari la nini. Hao hatutapoteza muda nao mrefu. Saudi Arabia yenyewe iliwafungulia wanawake wake barabara tarehe 24 Juni 2018. Hapa kwetu mama zetu wanaendesha tangu zamani. Na anayeona gari la binti ni fitna atuambie kama kumkumbatia dereva wa bodaboda usiku wa mvua ndiyo sitara.

Tunachotaka

Baba na kaka zetu, mnatupenda, tunajua. Mkitaka kutupa gari, tupeni bahasha kwanza. Ndani yake iwemo kadi yenye jina la binti, mkataba wa bima kubwa au takaful wa mwaka mzima, na namba ya fundi. Kisha gari, hata likiwa Passo ya mwaka wa nyuma. Tutapiga vigelegele vile vile, na tutalala.

Mabwana harusi, msiazime gari la mkeo kulifanyia biashara, na msione aibu kupanda gari dogo lililo halali.

Kamati za harusi, mpunguze ghorofa mbili za keki na ile kamera inayoruka juu ya ukumbi. Hapo bima ya mwaka imeshapatikana.

Na wewe bibi harusi unayesoma haya huku hina haijakauka mkononi: kabla ya kukata utepe, fungua dashibodi utafute karatasi. Soma jina. Soma aina ya bima. Soma tarehe ya kuisha na uiandike kwenye simu, mwezi mmoja kabla. Vua viatu vya kisigino, kusanya baibui isinase kwenye pedali, funga mkanda, soma dua ya safari. Halafu endesha pole pole kama mtu ambaye nyumbani wanamsubiri.

Mkiwa na swali, tuleteeni. Na mwenye video ya utepe mwekundu mwaka huu atutumie pia. Tutalia kama kawaida yetu, kisha tutauliza.

Allah awahifadhi maharusi wetu wote, awape kheri katika ndoa zao na salama katika njia zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.